Kelele za stelingi kwenye pikapu: tafuta sauti kwanza, spea baadaye (Arusha na Moshi)

Fundi Miguu

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa pikapu tu: Hilux za aina zote, Cruiser 79, L200, Navara, Hardbody, D-Max. Gari ndogo zina mambo yake na tukichanganya tutapotezana.

Kazi yangu ni miguu ya mbele, gereji iko Arusha. Nimeamua kuandika kwa sababu ya jambo linalojirudia. Mtu anaingia getini na raki (chombo chenye fimbo ya meno kinachosukuma tairi kulia na kushoto) ndani ya boksi, kaiagiza Dar, kalipia na basi, anasema, "Fundi nifungie hii, stelingi inalia." Namuuliza inalia vipi. Ananijibu kwamba fundi wa kwanza alisikiliza akasema ni raki. Tunanyanyua gari, raki nzima kabisa, kinachogonga ni tairodi endi (kiungo cha mwisho wa fimbo inayosukuma tairi) ya upande mmoja. Kwenye mfumo mzima wa stelingi hakuna spea ya gharama kama raki, na hakuna inayosingiziwa kama hiyo. Wengi wa hawa ni wakulima na wafanyabiashara wadogo, pikapu ndiyo shamba lao la pili. Inaniuma.

Swali la kwanza kwa mteja si gari ya mwaka gani. Namuuliza: inalia ikiwa imesimama, au mpaka itembee? Kama inalia imesimama, zima injini, acha ufunguo mahali ambapo usukani haujifungi, mtu akae ndani auchezeshe kulia na kushoto kidogo kidogo. Asilazimishe, maana bila injini usukani ni mzito. Wewe uko chini, kiganja kwenye kiungo kimoja baada ya kingine. Mkono unahisi plei (kulegea) ambayo sikio halijaanza kuisikia. Kama kelele imepotea kabisa injini ilipozimwa, angalia upande wa haidroliki: pampu, belti, mipira, hewa. Kama imebaki, ni chuma kimelika au mpira umekauka, na pampu usiiguse.

Sasa sauti zenyewe. Mlio wa kung'ong'a unaopanda na kushuka na injini, ukizidi unapokata kona, mara nyingi ni haidroliki (mafuta ya stelingi) iliyopungua au yenye hewa. Fungua kikopo cha haidroliki injini inawaka. Ukiona povu, kuna mahali hewa inaingia, na mara nyingi ni kwenye mpira unaotoka kikopo kwenda pampu. Mpira huo haubebi presha, pampu inavuta kupitia humo, kwa hiyo klipu ikilegea unaweza kunyonya hewa bila kudondosha hata tone. Ndiyo maana mtu anakuapia kwamba gari haivuji, na anasema kweli.

Mlio mkali, mwembamba, unaokuja ghafla ukikata kona ya mwisho, hasa asubuhi au baada ya kupita maji, ni belti inateleza. Hii ni kwa pampu inayozungushwa na belti, maana kuna injini ambazo pampu inazungushwa na gia. Ile sauti ya kufoka ukifika mwisho kabisa wa kona isikutishe: vali ya kupunguza presha inafunguka, ndivyo ilivyotengenezwa. Ila usiung'ang'anie usukani hapo. Ukizidisha sekunde 10 unaichemsha pampu bure.

Kugonga kwenye rasta (matuta madogo ya barabarani) ndiko kunakowachanganya watu kuliko yote. Inaweza kuwa tairodi endi, rakiendi (kiungo cha ndani, kwenye ncha ya raki), boli jointi (kiungo cha mpira wa chuma kinachoshika mguu wa tairi), bushi zinazoshikilia raki kwenye chesesi. Inaweza pia kuwa stablaiza linki (kifimbo cha ile fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona), ambayo si stelingi kabisa lakini inagonga kwa sauti ile ile. Nina kipimo kimoja nakipenda: fungua stablaiza linki zote mbili, pita taratibu kwenye ile ile barabara mbovu. Kimya? Umemaliza kazi kwa spea ya bei ndogo. Bado inagonga? Zirudishe, endelea kutafuta.

Ukisikia "tak tak tak" gari ikitembea na kona imekatwa hadi mwisho, kwenye 4x4 zenye miguu huru mbele, hiyo ni sivi jointi, kiungo cha shafti inayozungusha tairi la mbele. Ngurumo inayobadilika ukiegemeza gari kushoto au kulia kwenye lami ni bering ya tairi. Kukwaruza ndani ya kabini, karibu na miguu yako, ni mpira wa pale shafti ya usukani inapopenya kwenda kwenye injini, au yunivaso (kiungo cha kupinda) ya shafti hiyo. Yunivaso ikichoka unaihisi mikononi kabla ya kuisikia.

Neno moja kwa wanaoambiwa "ni mpira wa juu wa shokapu." Kwenye gari ndogo nyingi shokapu ya mbele inazunguka pamoja na tairi ukikata kona, kwa hiyo mpira wake wa juu unaweza kulia. Kwenye Vigo (Hilux za kuanzia 2005) na pikapu nyingine zenye mikono miwili, wa juu na wa chini, shokapu haizunguki na usukani. Mpira wake ukifa utagonga kwenye mashimo, lakini hauwezi kulia kwa sababu umekata kona ukiwa umesimama. Anayekwambia hivyo kwenye Vigo amezoea gari ndogo.

Karibuni. Elezeni gari gani, inalia vipi, inalia wakati gani.

Mama wa Kiborloni

Asante sana fundi. Mimi nabeba ndizi kutoka Rombo na Mwika kuleta Kiborloni. Gari ni L200 ya zamani, ile ya kabla ya Triton, 4x4. Inagonga mbele kwenye rasta na ikiwa na mzigo inatangatanga barabarani, unairudisha kushoto inakwenda kulia. Nimeambiwa raki imekufa, nitafute ya mtumba. Moshi sijaipata, nikaambiwa niagize Arusha. Naomba msaada kabla sijatuma hela.

Fundi Miguu

Mama, usitume hela. L200 hiyo ya kabla ya Triton, 4x4, haina raki. Ina boksi la stelingi upande wa dereva, linasukuma mkono, mkono unasukuma fimbo ya katikati, na upande wa abiria fimbo hiyo inashikiliwa na kitu kinaitwa idla amu. Kuyumba unakoeleza pamoja na kugonga, cha kwanza kuangalia ni hiyo idla amu. Mtu aishike fimbo karibu nayo aisukume juu na chini. Ikipanda na kushuka waziwazi, umeipata. Baada ya hapo angalia tairodi endi nne, mbili za nje na mbili za ndani.

Wakimaliza viungo vyote na bado inatangatanga, ndipo waliangalie boksi lenyewe. Boksi lina skrubu ya kurekebishia juu yake, na hapa nasihi sana: wasikaze skrubu ili kuficha plei ya viungo. Boksi lililokazwa kupita kiasi linakuwa zito katikati na halirudi lenyewe baada ya kona. Kwa gari yenye mzigo wa ndizi kwenye mteremko wa Mwika hilo ni jambo la hatari.

Kuna jambo linawahusu wote, siyo mama peke yake. Kabla hujaulizia spea, jua gari yako ina boksi au raki. Hilux za modeli LN106, na zilizofuata za LN166 na LN167, zina boksi. Vigo kuanzia 2005 zina raki. Cruiser 79 ina boksi. Hili peke yake lingeokoa watu wengi.

Mama wa Kiborloni

Mungu akubariki. Kesho nampelekea fundi mwingine huku Majengo nimwonyeshe ujumbe huu.

Kahawa na Ndizi

Mkuu, niko Marangu, natumia Vigo ya injini ya dizeli 2KD. Asubuhi za Juni na Julai inang'ong'a sana nikitoka getini, ikipata moto inapungua, mchana naisahau. Haidroliki ilikuwa imeshuka nikaongeza. Rangi yake imekuwa nyeusi. Fundi anasema pampu imeisha.

Fundi Miguu

Pampu inaweza kuwa imeisha, lakini dalili zako bado hazijasema hivyo. Baridi ya Marangu inafanya mafuta yawe mazito, pampu inavuta kwa shida, ndiyo inang'ong'a. Yakipata moto yanakuwa mepesi, inanyamaza. Mafuta meusi yana uchafu wa mipira na chuma, na kuna vikopo vyenye chujio la wavu chini ndani yake. Wavu ukiziba, pampu inakosa mafuta hata kama kikopo kimejaa.

Fanya hivi kabla ya kununua chochote. Vua kikopo, kioshe, mulika tochi uone wavu. Badilisha ule mpira wa kuvutia kama umekuwa mgumu, pamoja na klipu zake. Toa mafuta yote ya zamani kwa kufungua mpira wa kurudishia na kuuelekeza kwenye chupa. Weka ATF mpya (mafuta ya gia otomatiki, ndiyo yanayotumika kwenye stelingi hizi). Toyota nyingi za umri huo zinatumia Dexron II au III, na imeandikwa kwenye kifuniko cha kikopo, soma pale usisikilize mtu.

Kutoa hewa: nyanyua tairi zote mbili za mbele, injini imezimwa. Zungusha usukani polepole mwisho hadi mwisho, mara kadhaa, mwenzio anaangalia kikopo na kuongeza. Povu likiisha ndipo uwashe, urudie injini ikiwa mwendo wa chini kabisa. Watu wanawasha injini mara tu baada ya kumwaga mafuta, pampu inasaga hewa na mafuta kwa pamoja, povu linakaa siku nzima, halafu wanasema pampu mpya nayo ni mbovu.

Na tafadhali, msiweke mafuta ya breki kwenye kikopo cha stelingi. Yanaharibu sili zote, za pampu na za raki. Nimepokea gari ambazo kikopo kidogo cha mafuta ya breki kiligeuka kuwa bili ya raki na pampu kwa pamoja. Kinyume chake ni kibaya zaidi: ATF kwenye breki inavimbisha mipira yake, na breki zinaweza kugoma au kung'ang'ania.

Njia ya Loliondo

Wakuu, ya kwangu ni Cruiser 79, injini 1HZ. Haidroliki inaisha, naongeza, inaisha. Chini pakavu. Boksi kavu, mipira mikavu. Nimeangalia hadi nimechoka. Inalia ikipungua tu, nikiongeza inanyamaza.

Fundi Miguu

Ya kwako naijua kwa sababu Arusha hii 1HZ zimejaa. Pampu ya stelingi kwenye 1HZ haina belti, imefungwa kwenye nyumba ya gia za taiming na inazungushwa na gia. Sili ya shafti yake ikichoka, haidroliki haimwagiki chini, inaingia kwenye injini. Chomoa dipstiki ya oili ya injini: kama kiwango kinapanda bila wewe kuongeza, au oili imekuwa nyepesi kuliko kawaida, ndiyo hiyo. Sili peke yake inabadilishwa kama shafti ya pampu bado ni laini. Na ukibadilisha sili, badilisha na oili ya injini siku hiyo hiyo, usiiache hiyo iliyochanganyika.

Ukiwa hapo kwenye Cruiser, angalia pia bering za kingpini (mhimili ambao tairi la mbele linageukia). Nyanyua tairi, shika juu na chini, tikisa. Plei ya hapo inaleta mtikisiko wa usukani kwenye mwendo fulani, na watu wanakimbilia kununua shokapu ya stelingi mpya. Shokapu inaficha mtikisiko kwa muda tu, ugonjwa unaendelea kukua chini yake. Kingpini zinafungwa kwa shimu na ukazaji wake unapimwa kwa mizani ya kuvuta. Fundi akikaza kwa kukisia, muulize mizani iko wapi.

Gari za njia zile angalia na chesesi pale boksi lilipofungwa. Bolti zikilegea, au chesesi ikapata ufa, hasa kwa waliovalisha tairi kubwa kuliko za kiwandani, utasikia mlio ukikata kona umesimama, na boksi lenyewe utaliona linahama. Osha tope kwanza. Ufa haujionyeshi chini ya vumbi.

Njia ya Loliondo

Dipstiki iko juu ya alama ya mwisho. Mkuu, nimenyamaza tu nikaitazama.

Kaunta ya Spea

Nami niongeze upande wangu, nauza spea Arusha. Wateja wanakuja na maneno "nipe tairodi endi ya Hilux." Hilux ipi? Kuna Hilux ya 1990, ya 2000, ya 2008, ya 2018, zote ziko barabarani na hazifanani hata moja. Leteni picha ya kibao cha chesesi. Alama 3 za kwanza za namba ya chesesi zinaeleza gari ilitengenezewa wapi: MR0 ni Toyota ya Thailand, AHT ni ya Afrika Kusini, inayoanza na JT ni ya Japani. Navara ya D40 inayoanza VSK ni ya Hispania, MNT ni ya Thailand. Gari mbili zinaweza kufanana kwa nje, tukifika kwenye spea zinaachana.

Toyota mnaweza kujifunza kusoma namba. Namba ina tarakimu 5, kistari, halafu 5 nyingine. Zile 5 za mwanzo ni aina ya spea. Tairodi endi za nje huanza na 45046 au 45047. Rakiendi ni 45503. Boli jointi ya chini ni 43330, ya juu 43310. Kwa hiyo mtu akikuuzia boksi la 45503 akasema ni tairodi endi ya nje, umeshajua hapo hapo bila kulifungua.

Kuhusu Cruiser 79, Arusha hamna shida. Kampuni za utalii zinatumia familia hiyo hiyo ya gari, maduka yanaweka bering, drag linki (fimbo ya kutoka boksi kwenda kwenye tairi) na sili muda wote. Vigo za kawaida nazo zipo. Navara, na L200 za zamani kama ya mama hapo juu, mara nyingi tunaagiza Dar, Gerezani na Kariakoo, inapanda basi usiku, asubuhi iko hapa. Kwa watu wa Himo na Rombo kuna wanaovuka kwenda Kenya. Sawa, lakini hesabuni na forodha kabla ya kusema kule ni rahisi.

Njiro Dabo Kebini

Mkuu Kaunta, na za mtumba? Niliambiwa niagize raki ya Vigo kutoka Dubai, bei nzuri sana.

Kaunta ya Spea

Hapo simama. Falme za Kiarabu wanaendesha kulia, usukani uko kushoto. Raki iliyotoka kwenye gari ya kule haiingii kwenye ya kwetu. Wafanyabiashara wa kule wanauza pia vitu vya gari za usukani wa kulia, sikatai, lakini uliza kabla hujalipa, na udai picha inayoonyesha upande shafti ya usukani inapoingilia.

Na mtumba wa Japani kwa Vigo msiuhangaikie sana. Toyota iliacha kuuza Hilux Japani mwaka 2004, ikairudisha 2017. Kizazi chote cha Vigo hakikuuzwa kule. Kwa hiyo mtu akikuapia kwamba raki yake ya Vigo imetoka kwenye gari iliyokuwa inatembea Japani, muulize vizuri. Mtumba wa kweli wa Vigo unatoka Thailand, Uingereza, Afrika Kusini, Australia, kote huko usukani uko kulia kama kwetu.

Fundi Miguu

Asante Kaunta, hilo la Japani wengi hawalijui. Naongezea jinsi ya kukagua raki ya mtumba kaunta pale pale. Vuta mpira wa pembeni, yule wa mikunjo, utazame fimbo ya ndani. Inatakiwa ing'ae. Ikiwa na vidoti vya kutu iache, kwa sababu vitakata sili mpya ndani ya muda mfupi. Mpira ukiwa na mafuta ndani, sili imeshapita. Zungusha pinioni (gia ndogo inayoingiliwa na shafti ya usukani) kwa mkono mwisho hadi mwisho, iende sawasawa bila kukwama katikati, maana katikati ndipo gari inapoishi na ndipo inapolika. Angalia pia mabomba madogo ya chuma yasiwe yamekatwa kwa msumeno. Na bushi za kushikia, ambazo kwa Vigo zinauzwa peke yake! Hizo ndizo ninazozikuta zimekufa kwenye gari nyingi zinazoambiwa raki imeisha.

Kwa wale ambao raki kweli inavuja, kufungua na kubadilisha sili ni kazi halali na mafundi wake wapo, mradi fimbo haina kutu. Sikubali kukaza nati ya chini ya raki ili kugonga kuishe. Usukani unakuwa mzito na haurudi.

Njiro Dabo Kebini

Nina swali linalokera wengi humu lakini naliuliza kwa nia njema. Tairodi endi na boli jointi "kubana" kwa presi au nyundo, au kuongeza nailoni ndani. Mimi nimefanyiwa, nimetembea mwaka mzima. Spea mpya bei imepanda. Kwa nini mafundi wa miguu mnakataa?

Fundi Miguu

Ndugu, swali ni la haki na nitakujibu bila hasira. Boli jointi ni mpira wa chuma uliokaa ndani ya kikombe. Unapokibana kikombe, hujarudisha chuma kilicholika. Umeisogeza midomo ya kikombe, umeikunja chuma ambayo haikutengenezwa ikunjwe mara ya pili, na mpira uliolika umekuwa yai. Utabana pale ulipo leo, ukikata kona nyingine utalegea au utakwama. Kelele inapotea na plei inapungua, ndiyo maana mtu anaridhika. Lakini kile kinachozuia mpira usichomoke ni hiyo midomo uliyoipiga nyundo. Kwenye gari ambazo springi au tosheni inakaa mkono wa chini, boli jointi ikichomoka tairi linalala chini ya gari. Dereva hana usukani tena. Nimevuta gari ya namna hiyo kutoka kwenye mtaro barabara ya Karatu, na Mungu alisaidia ilikuwa inapanda, siyo kushuka.

Kuchomea ndiyo kabisa. Usichomee tairodi, usichomee drag linki, usichomee mkono wa stelingi. Moto unaharibu ugumu wa chuma pembeni ya pale ulipochomea, itakatika hapo hapo siku ya mzigo.

Najua bei. Kwa hiyo nasema hivi kwa asiye na hela ya kila kitu: weka tairodi endi mpya na boli jointi mpya, na uahirishe bushi za stablaiza, uahirishe mlio wa mpira wa kabini, uahirishe hata raki inayovuja kidogo kama unaangalia kikopo kila asubuhi. Vingine vinasubiri, hivi viwili havisubiri. Na kinachoviua mapema ni kifuniko cha mpira kilichochanika. Vumbi letu la kutoka Makuyuni hadi Natron ni laini kama unga, linapita kwenye tundu dogo na kuwa msasa ndani ya grisi. Kifuniko ni bei ya chai na chapati kwa wengi. Kiangalie kila ukibadilisha oili. Jointi zenye nipeli (kitundu cha kupigia grisi) zipige grisi mpaka ya zamani itoke.

Njiro Dabo Kebini

Nimekuelewa. Kesho naleta gari, ya kulia ndiyo iliyobanwa.

Fundi Miguu

Njoo nayo taratibu, usipite na mzigo.

Mkiwa mnabadilisha wenyewe: toa kota pini (pini inayozuia nati isifunguke), legeza nati lakini iache ikamate uzi mara chache, halafu piga nyundo pembeni ya jicho la nako (chuma cha mguu ambacho tairodi endi inaingia), siyo kwenye uzi. Mshtuko unaachia koni. Hesabu mizunguko unapofungua ile ya zamani, funga mpya kwa mizunguko hiyo hiyo, itakupeleka salama hadi kwenye mashine ya alaimenti. Kota pini iwe mpya, usirudishe ya zamani wala waya.

Mpya Humu

Samahanini wakuu, boksi lililoandikwa 555 ni la kuamini? Nimeliona Kilombero kwa bei mbili, moja karibu nusu ya nyingine.

Kaunta ya Spea

555 ni alama ya kampuni ya Sankei ya Japani, ni watengenezaji wazuri wa viungo vya stelingi na miguu, nami nauza. Kwa sababu ni wazuri, boksi lao linaigwa. Bei kuwa nusu kwenye soko moja ni jibu tosha. Fungua boksi: alama inatakiwa iwe imegongwa kwenye chuma chenyewe, siyo stika tu. Shika shina lizungushe kwa vidole: jipya zuri ni gumu na linakwenda sawasawa pande zote. Likicheza huru mkononi kaunta pale, lirudishe. Uzi wa nati uwe msafi, kifuniko cha mpira kiwe laini na kimebana shingoni. Na udai risiti yenye namba ya spea, muuzaji wa kweli hakatai.

Mama wa Kiborloni

Fundi Miguu, fundi wa Majengo kaishika ile fimbo mbele yangu, idla amu inapanda na kushuka kabisa. Tairodi endi moja ya nje nayo imelegea. Boksi kasema zima. Napata wapi hizo mbili?

Kaunta ya Spea

Mama, nipigie picha tatu: kibao cha chesesi, idla amu ikiwa bado kwenye gari ili nione bolti zake ni mbili au tatu, na tairodi endi upande wa uzi ukiwa na rula pembeni. Nikizipata leo kabla ya saa 10 jioni naangalia kwenye rafu, nikikosa naagiza Dar usiku huu, na kesho kutwa zinakufikia stendi ya Moshi. Usilipe mpaka nikutumie picha ya vitu vyenyewe uvilinganishe na vya zamani.

Fundi Miguu

Na alaimenti ifanyike baada ya zote mbili kufungwa, mama, isifanyike mara mbili. Gari iwe tupu siku hiyo, bila ndizi.